Kiti cha Shabiki wa Kalunguyeye

Siku Sudi alipoiona timu ya Kalunguyeye kwa mara ya kwanza, basi lilikuwa limempitiliza. Kupitilizwa lilikuwa jambo la kawaida kwake. Ukitaka kushuka kwenye basi la Brussels unabonyeza kengele, kengele inalia, taa inawaka kule mbele, na abiria wote wanajua kwamba kuna mtu anataka kushuka. Sudi hakupenda watu wajue jambo kubwa namna hiyo juu yake. Kwa hiyo alikuwa anakaa kwa adabu, akingoja abiria mwingine abonyeze. Asipotokea mtu, alikwenda mpaka atakapotokea.

Jumapili hiyo ya mwaka 1992 alikuwa anakwenda Schaerbeek kumwona Mtanzania mmoja, amemchukulia mfuko wa viazi vitamu. Hakuna aliyebonyeza. Sudi aliteremka Evere, mwisho wa njia, dereva alipozima injini na kumtazama kwenye kioo. Akaanza kurudi kwa miguu kufuata njia ile ile ya basi, maana kuuliza ingekuwa balaa jingine.

Alipofika kwenye uwanja mmoja wenye uzio wa waya, alisikia sauti nene ikipiga kelele kwa Kiswahili.

"Kimbia! Kimbia wewe, unangoja nini?"

Sudi akakimbia. Hakujua anakimbia nini, lakini alikuwa mtu mtiifu, na kwa miaka kadhaa hakuwa amesikia amri kwa lugha anayoielewa vizuri kiasi hicho. Alikimbia kando ya uzio, viazi vinampiga goti.

"Siyo wewe," ile sauti ikasema. "Wewe wa mfuko. Simama, unawachanganya wachezaji."

Sudi akasimama, akatazama ndani. Aliona Wazungu wamevaa suruali kama za kulalia, kila mmoja ana glavu kubwa ya ngozi mkono mmoja tu, kana kwamba wamegawana jozi. Mmoja alikuwa na gongo. Pembeni, juu ya kiti cha kukunja cha turubai, alikaa mtu mweusi, mpana, amevaa suti ya udereva na tai, na kofia ya kiua kichwani. Alikuwa ameegemea upande wa kushoto, kiwiko juu ya goti, kama sultani anayesikiliza umbeya.

"Mtu wa wapi?" akauliza.

Sudi alijibu huku akivitazama viatu vyake. "Tabora."

"Tabora mtu gani?"

"Mnyamwezi."

Yule bwana akafumba macho kama mtu aliyejibiwa dua. "Alhamdulillahi. Mimi Zuberi, Mzaramo wa Kisarawe. Nimekaa nchi hii muda wote huu sina mtu wa kunibebea kiti. Ingia, mpagazi wangu. Na hivyo viazi ni vyangu."

Pembeni yake alikuwepo mama mmoja wa Bukavu aliyeitwa Bibiane, jirani yake wa jengo moja. Alikuwa mhudumu wa wagonjwa katika hospitali kubwa ya Jette, na Jumapili alikuja uwanjani kupumzisha miguu. Alishangaa. "Papa Zuberi, donc uko unamutukana muntu hata haumujue?"

"Huyu ni mtani wangu, Maman Bibiane. Wazee wao walibeba mizigo kutoka kwao mpaka kwetu pwani. Walipopita kwetu tuliwacheka, nao wakatucheka, tukakubaliana iwe hivyo milele. Namtukana, ananitukana. Nachukua chake, anachukua changu. Akikasirika, yeye ndiye mwenye makosa."

"Na yeye anakutukana lini?"

Zuberi alimgeukia Sudi. "Haya. Nitukane."

Sudi akamkabidhi mfuko wa viazi.

Basi ndivyo walivyoanza, na ndivyo walivyoendelea. Kila Jumapili ya mechi, kuanzia machipuko mpaka majani yaanze kudondoka, Sudi alitoka Berchem, alikokuwa mtunza bustani wa familia moja ya kibalozi, akavuka mji mzima kwenda Evere. Alipanda ghorofani kwa Zuberi, akapokea kiti kutoka kwa Hawa, mkewe Zuberi, akakibeba begani mpaka uwanjani. Zuberi alitembea mbele mikono mitupu, akisalimia watu. "Msimshangae," aliwaambia Wabelgiji kwa Kifaransa chake cha udereva. "Ni wa ukoo wa wabebaji. Asipobeba anaugua."

Sudi alikuwa na majibu. Tena majibu makali, ya kumfanya Mzaramo atafute pa kujificha. Tatizo ni kwamba yalikuja akiwa ndani ya basi la kurudi. Kituo kinapita, na yeye anacheka peke yake dirishani, anamjibu Zuberi neno kwa neno. Jumapili ya pili akifika uwanjani, majibu yote yameshapoa.

Timu ile ya besiboli iliitwa Hérissons, na Zuberi aliitafsiri kwa haki: Kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba. Ilikuwa timu ya daraja la chini, ya watu wenye kazi zao. Kocha wake, Gilbert, alikuwa mwoka mikate. Mrushaji alikuwa fundi bomba, na mdakaji alikuwa mwalimu wa kuogelea mwenye tumbo la kukaa tu. Walifungwa mara nyingi na walifungwa vizuri. Zuberi alidai ni shabiki wao tangu tumboni mwa mama yake.

"Tumboni namna gani," Bibiane aliuliza, "na équipe imezaliwa mwaka quatre-vingt-deux, miaka kumi tu?"

"Mapenzi hayaulizwi cheti, Maman."

Ukweli ulikuwa kwamba alikuwa dereva wa ubalozi mmoja, na binti wa bosi wake alipenda kuja kuwatazama. Zuberi alikuwa analala ndani ya gari nje ya uzio. Siku moja mpira uliruka ukatua juu ya boneti na kuacha shimo la ukubwa wa andazi. Zuberi alitoka garini kwenda kupigana. Wakampa bia, akakataa; wakampa soda na kiti, akakaa. Jioni alimwambia bosi kwamba ni mvua ya mawe. Bosi alihamishwa, binti akaenda naye, Zuberi akabaki na Kalunguyeye, na kile kiti hakukirudisha.

Mchezo wenyewe Sudi aliuelewa kwa maelezo ya siku ya kwanza, na hakuhitaji mengine. "Huu ni msafara," Zuberi alimwambia. "Mwenye gongo ni Mnyamwezi. Anaondoka nyumbani. Mbele kuna vituo vitatu, anaweza kupumzika kila kituo. Kazi yake ni kuvipita vyote na kurudi pale pale alipotokea. Akirudi, anahesabiwa. Wale wenye glavu ni sisi Wazaramo, tunamvizia njiani. Tukimgusa na mpira akiwa kati ya kituo na kituo, safari imekwisha, akale viazi."

"Na yule anayenyemelea?" Sudi aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza kitu.

"Anaiba kituo. Inaruhusiwa, hakuna polisi. Ndiyo maana nilijua utaupenda."

Bibiane alimcheka Sudi mpaka akashika kiuno. "Alors, huyu tonton hasemake? Miye nilimuulizaka jina mara mbili, akajibu viatu vyake."

"Anasema," Zuberi alijibu, "lakini anasemea tumboni, kwa ndani. Nina mtani bubu, Maman. Natukana peke yangu kama kichaa." Kisha akasema neno ambalo Sudi alilibeba mpaka Berchem, zito kuliko kiti. "Siku nikifa, huyu atasimama atazame viatu. Wenzangu Kisarawe wakifa, watani wanakuja, wanazuia jeneza mlangoni, wanamwigiza marehemu alivyokuwa anakoroma, watu wanalia na kucheka. Mimi nitaondoka duniani sijatukanwa hata kidogo, kama mtu asiye na kwao."

Alisema akicheka, lakini kicheko kilikwisha mapema kuliko kawaida. Hawa, aliyekuwa amewaletea chai, alimtazama Sudi, na Sudi akatazama kule alikozoea kutazama.

Mwaka wa tatu lilitokea jambo la moto na ndizi.

Kalunguyeye walikuwa wanaibiwa siri. Mdakaji alimwonyesha mrushaji kwa vidole ni mpira gani wa kurusha, na kila mpinzani aliyesimama kituo cha pili aliviona vile vidole akamtonya mpigaji. Gilbert alikata tamaa. Zuberi ndiye aliyepata dawa. Kocha angemnong'oneza shabiki, na shabiki angepaza sauti kwa Kiswahili: moto, urushwe mpira wa kasi; ndizi, urushwe ule unaopinda. Refa hangejua lolote, maana Zuberi alipiga kelele tangu mwanzo mpaka mwisho hata bila kazi.

Dawa ilifanya kazi mwezi mzima. Kalunguyeye walishinda mechi mbili mfululizo, wakaogopa wenyewe. Kisha ikaja timu moja kutoka Antwerp, na wapigaji wake wakawa wanaisubiri ndizi kama watu walioiagiza sokoni. Kila ndizi ilipigwa nje ya uzio. Zuberi aliinuka kitini, jambo ambalo halikuwa la kawaida, akazunguka upande wa wageni. Akamkuta dada mmoja anakula viazi vya kukaanga na mayonezi, na kila neno alilopaza Zuberi, yeye alilirudisha kwa Kifaransa.

"Dada, jina lako?"

"Abigaël, papa."

"Mtu wa wapi?"

"Uvira." Akalamba kidole. "Bwana yangu ndiye ule anapiga sasa. Bon, papa, unipardonner. Lakini ndizi yenu ni tamu."

Zuberi alirudi kwenye kiti amenyauka. Ilibidi itafutwe lugha nyingine. Kizaramo chake kilikuwa kimebaki nyimbo za ngoma tu, na kila aliyeongea Kiswahili angeweza kuzifuata nusu. Mwishowe alimwinamia Sudi, na kuinama kwa Mzaramo mbele ya Mnyamwezi si jambo dogo.

"Nipe Kinyamwezi. Maneno mawili tu. Hakuna Mnyamwezi mwingine Ubelgiji nzima, na wewe huna wa kumwambia."

Sudi aliomba wiki moja. Aliitumia yote. Alikata majani ya bosi wake akiwaza, alimwagilia maua akiwaza, na basi lilimpitiliza akiwaza. Jumapili alimpa Zuberi maneno yake, akimnong'oneza sikioni, akayarudia mpaka Zuberi akayashika. La mpira wa kasi lilikuwa na maana ya "mimi ni mvivu." La mpira unaopinda lilikuwa na maana ya "nibebeni."

Msimu ule wote Zuberi wa Kisarawe alikaa juu ya kiti chake, suti na tai, akiutangazia mji wa Brussels kwa Kinyamwezi fasaha kwamba yeye ni mvivu na abebwe. Aliyasema kwa fahari. Aliyaongezea mikono. Mrushaji na mdakaji walijifunza nao, hata Gilbert alikuwa anayaimba akikanda unga. Na Kalunguyeye walishinda kuliko walivyowahi kushinda.

"Tonton Sudi," Bibiane alimwambia siku moja, "uko unacheka nini? Mabega inatikisika."

"Mafua," Sudi alisema.

Lilikuwa jibu pekee alilomrudishia Zuberi kwa wakati, na hapakuwa na mtu aliyejua kwamba ni jibu. Ndiyo raha yake ilivyokuwa, na ndiyo kasoro yake. Tusi ambalo mtukanwa halijui halihesabiki. Ni sawa na Mnyamwezi aliyekamatwa akitoka kituo cha tatu.

Miaka miwili zaidi wakaenda hivyo hivyo. Mwisho wa mwaka 1996 moyo wa Zuberi ulianza kumsumbua, akalazwa Jette, kwenye wodi ya Bibiane. Sudi alikwenda kumwona na viazi vitamu. Zuberi aliongea kwa wawili, kama siku zote. Aliwatukana wapagazi, aliwatukana waoka mikate, aliisifu timu. Sudi alitaka kumwambia lile jambo la Kinyamwezi, alikuwa amejipanga nalo njia nzima, lakini kulikuwa na wagonjwa wengine, na muuguzi aliingia, na maneno yakarudi yalikotoka. Alipofika mlangoni Zuberi alimwita, akamwambia neno moja la mwisho. Lilikuwa neno la upole, halikufanana naye hata kidogo. Sudi aliona aibu kulipokea, akaitikia kwa kichwa, akatoka. Ndani ya wiki ile Zuberi alifariki.

Maiti ilisafirishwa Dar kwa ndege, na Hawa akaondoka nayo. Sudi alibaki Berchem na theluji ya bosi wake ya kusafisha. Jeneza lilipita mlango wowote lililopita, na yeye hakuwepo kulizuia.

Hawa alirudi mwezi wa nne, baada ya kumaliza eda, kuja kufunga nyumba. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya msimu mpya. Alimwita Sudi, akamtolea kiti kama zamani. "Kule Kisarawe watani walikuja," alimwambia ngazini. "Walifanya yao, hawakukosea. Lakini mwenyewe aliniambia wa kwake yuko huku."

Sudi alikibeba kiti begani. Siku hiyo hapakuwa na mtu wa kutembea mbele yake akisalimia watu.

Uwanjani Gilbert alikuwa ameandaa heshima. Timu zote mbili zilipanga mstari, kofia mkononi. Kiti kilifunguliwa mahali pake, kitupu, na mtu akaweka juu yake kofia ya Kalunguyeye. Gilbert alisoma maneno machache, kisha akatangaza kwamba watakaa kimya dakika moja.

Bibiane alimsogelea Hawa. "Kimya?" akanong'ona. "Kwa ajili ya papa Zuberi?"

Hawa alikuwa anamtazama Sudi.

Uwanja ulinyamaza. Hata basi la mwisho wa njia lilikuwa limezima injini. Watu wote walikuwa wanatazama chini, wote wamekuwa akina Sudi, na Sudi peke yake ndiye aliyekuwa ameinua uso. Aliona kiti. Aliona kwamba sekunde zinakwenda, na zikiisha Mzaramo atakuwa amezikwa mara ya pili bila kutukanwa na mtani wake. Moyo ulimpiga kama siku zile ndani ya basi, anapoiona kengele pale juu, nyekundu, na kituo chake kinakuja.

Akabonyeza.

Alipaza sauti kwa Kinyamwezi, yale maneno mawili, moja baada ya jingine, kwa lafudhi ya Kizaramo, kwa mikono ile ile ya Zuberi, akiwa ameegemea kushoto hewani. Mrushaji, fundi bomba yule, kwa mazoea alikunja mkono na kuinua mguu, akabaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, hana mpira. Refa alidondosha saa.

"Mnajua maana yake?" Sudi alisema kwa Kiswahili, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa ukubwa. "La kwanza ni mimi mvivu. La pili ni nibebeni. Zuberi, umeyasema mwenyewe misimu mitatu mbele ya watu. Nikakubebea kiti, haikutosha. Ukalala hospitali ubebewe chakula. Haikutosha. Wenzako hapa wanakimbia vituo vyote ndipo warudi nyumbani. Wewe hukukimbia hata kimoja, umeita ndege ikubebe mpaka mlangoni. Mzaramo mvivu. Hata kufa umetafuta wapagazi."

Bibiane alikuwa anatafsiri kwa Kifaransa, anacheka, anafuta macho, anaanza upya. Yalipomfikia Gilbert, kwamba kwa misimu mitatu alikuwa anakanda mikate huku akijiita mvivu, uso ulimwiva, kisha akaanza kucheka, akashindwa kusimama. Kicheko kikapita mstari mzima, kikavuka mpaka kwa wageni. Na Hawa, aliyefika uwanjani amejikaza kama jiwe, alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika, na hapakuwa na mtu aliyeweza kusema ni kwa lipi.

"Miaka yote ile ulikuwa nayo moyoni," alimwambia Sudi alipopata pumzi. "Haya, mtani. Chukua haki yako."

Haki ya mtani ni kuchukua kitu cha marehemu, na hapakuwa na haja ya kuuliza kipi. Sudi aliiinua kofia, akaivaa. Watu wakapisha. Kiti kile alikuwa amekibeba miaka yote lakini hakuwahi kukikalia hata siku moja, hata Zuberi alipokuwa msalani. Akageuka, akaketi taratibu, mgongo umenyooka, na mpira ulipoanza kuchezwa akakumbuka alichoagizwa, akaegemea kulia.

Mguu wa kulia wa kiti ulikuwa umevunjika zamani, chini ya turubai pasipoonekana, na uliungwa kwa utepe wa plasta tu. Sudi alikwenda chini pamoja na turubai, miguu juu, kofia ikamfunika macho, na Kalunguyeye wote wakaacha mchezo kuja kumtazama. Akalala pale kwenye majani anacheka kwa sauti, mbele ya watu, kwa kuwa sasa alilisikia vizuri lile neno la upole aliloambiwa mlangoni kule Jette.

"Kiti changu nakuachia wewe, Sudi. Umebeba vya kutosha, sasa ukae. Ila uegemee kulia, ndiko kwenye raha."